Hatuna Matumizi ya Kubana

Ujumbe wa nishati unaofika kwetu Chiungutwa, wilayani Masasi, uwe umeletwa na afisa wa serikali, na mradi wa wafadhili au na tangazo la redio, ni uleule: tumieni vifaa vyenye ufanisi, mtapunguza matumizi. Umerudiwa mpaka umekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Mimi nasema si kweli kwa watu wa Masasi na Newala, na kuendelea kuuamini kunatugharimu.

Hoja yenyewe naieleza kama wenyewe wanavyoieleza. Taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga sawa na globu ya zamani ya wati 60. Jiko banifu lililojengwa vizuri linaivisha sufuria ileile kwa kuni pungufu kuliko mafiga matatu. Pampu mpya inapandisha maji yaleyale kwa umeme mdogo. Basi, wanasema, zidisha tofauti hiyo kwa idadi ya kaya zote nchini, na utapata misitu iliyopona, fedha zilizobaki mfukoni mwa mwananchi, na mtambo wa umeme ambao taifa halitalazimika kuujenga. Megawati nafuu kuliko zote, wanaongeza, ni ile ambayo haikutumika.

Hesabu za vifaa ni sahihi, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha chini yake, kwamba mtu akipata kifaa kinachokula kidogo atabaki kufanya kazi ileile aliyoifanya jana. Dhana hiyo yaweza kusimama kwa mtu aliyekwisha kutosheka, mwenye taa kila chumba, friji, na maji ya moto bafuni. Kwa mtu aliyewasha taa moja miaka yote kwa sababu hakumudu ya pili, haisimami hata kidogo. Mtanzania kwa wastani hutumia uniti (kilowati-saa) mia moja na kitu za umeme kwa mwaka mzima. Mmarekani hutumia takriban 12,000. Na wastani huo wa Tanzania umebebwa na Dar es Salaam, viwanda na migodi. Ukiuleta vijijini kwetu unashuka zaidi. Kumwambia mtu wa hapa abane matumizi ni kumpa dawa ya ugonjwa wa jirani yake.

Kwanza: historia inasema kinyume

Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alichapisha kitabu kuhusu makaa ya mawe ya nchi yake. Alionyesha kwamba injini ya mvuke ya James Watt, iliyokula makaa machache kuliko ile iliyoitangulia, haikupunguza uchimbaji wa makaa. Iliuongeza, kwa sababu nguvu ya mvuke ilikuwa rahisi kiasi cha kuingia kwenye kazi ambazo awali hazikuimudu. Katika viwanda vya chuma vya Uskoti, makaa ya kutengenezea tani moja ya chuma yalishuka hadi chini ya theluthi ya kiasi cha zamani. Lakini kati ya 1830 na 1863 makaa yaliyotumika kwa jumla yaliongezeka mara kumi.

Mwanga nao ulifuata njia hiyo. Watafiti Roger Fouquet na Peter Pearson wamefuatilia historia ya mwanga Uingereza kwa karne saba, tangu mshumaa wa mafuta ya mnyama hadi umeme. Kati ya mwaka 1800 na 2000 bei ya mwanga ilishuka hadi takriban sehemu moja kati ya 3,000. Je, Waingereza walibaki na mwanga wa babu zao na kuweka akiba iliyobaki? Kufikia mwaka 2000 kila mmoja wao, kwa wastani, alikuwa akitumia mwanga takriban mara 6,500 kuliko mwenzake wa mwaka 1800. Kipato kilichokua kilichangia, lakini bila mwanga kuwa rahisi kiasi hicho kipato hicho kisingewafikisha hapo.

Wachumi wameliita jambo hili athari ya mrejeo, na wamebishana kwa miaka mingi juu ya ukubwa wake. Sidai kwamba kila mahali mrejeo humeza akiba yote. Mexico iliwabadilishia watu zaidi ya milioni moja friji na viyoyozi vyao vya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba friji mpya zilipunguza umeme kwa robo tu ya kiasi kilichotabiriwa, na viyoyozi vipya viliongeza matumizi, kwa sababu watu waliweza sasa kuviwasha wakati wa joto bila kuhofia bili. Hao ni watu waliokuwa tayari na friji na viyoyozi. Atakayetabiri upungufu mkubwa zaidi mahali ambapo watu hawakuwa na kimoja wala kingine anapaswa kueleza utatoka wapi.

Pili: akiba ya mfukoni

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Ina globu mbili za wati 60, zinawaka saa nne kila usiku. Kwa mwezi zinakula uniti 14.4. Ukizibadilisha kwa LED za wati 9, zinakula uniti 2.16. Umeokoa uniti 12 na kidogo. Kwa mteja mdogo wa kundi la D1, uniti moja ni sh. 100, na ukiongeza kodi na tozo inafika sh. 122. Akiba yote ya mwezi, basi, ni kama sh. 1,490.

Mita ya LUKU ya nyumba hiyo, ile ya kulipia kabla ya kutumia, inamkata mwenye nyumba sh. 1,500 kila mwezi kwa kodi ya jengo. Akiba yote ya ufanisi wa taa, ile inayohubiriwa kwenye semina na mabango, inaondoka kwa makato hayo mamoja na bado haitoshi. Silalamikii kodi hapa. Ninaonyesha tu udogo wa kinachoitwa akiba pale ambapo matumizi yenyewe ni madogo tangu mwanzo. Mtu asiyetumia hana cha kuokoa.

Kinachotokea kweli katika nyumba hiyo ni kitu kingine, na ni kizuri. Taa ya tatu inawekwa jikoni, ambako mama alikuwa akipika kwa mwanga wa moto. Ya nne inawekwa nje, mtu aone nyoka kabla ya kumkanyaga. Mtoto anasoma mpaka saa nne usiku. Uniti hazipungui sana, pengine zinazidi. Mshauri aliyekuja kupima akiba ataandika kwamba mradi haukufikia lengo, wakati nyumba ile imepata kile ilichokikosa kwa miaka yote.

Haki inanidai nitaje ushahidi wa upande wa pili. Nairobi, watafiti Susanna Berkouwer na Joshua Dean waliwapa watu wa kipato cha chini fursa ya kununua jiko bora la mkaa la takriban dola 40. Walionunua walipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39, akiba ya karibu dola 119 kwa mwaka. Hiyo ni akiba ya kweli, na ni kubwa. Lakini someni vizuri ni ya nani. Ni ya mkazi wa jiji anayenunua mkaa kwa fedha taslimu kila siku. Kijijini kwetu kuni nyingi hazinunuliwi: zinaokotwa, au ni matawi ya mikorosho yaliyokatwa shambani. Akiba ya kuni zisizonunuliwa haingii mfukoni.

Utafiti huohuo ulikuta jambo ambalo wahubiri wa ufanisi hawalitaji: kilichowazuia watu kununua jiko ni kukosa fedha za kuanzia. Walipopewa mkopo, bei waliyokuwa tayari kulipa iliongezeka maradufu. Hapa kwetu kikwazo hicho ni kikali zaidi, kwa kuwa fedha za mkulima huja kwa msimu. Korosho huvunwa kuanzia karibu Oktoba, zinapita AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia mnadani, kisha malipo yanakuja. Ukimletea mkulima jiko la fedha taslimu mwezi Machi, umemletea wakati ambao hana kitu. Badala ya kulizungumza hilo, tunaambiwa wananchi wanahitaji elimu. Kila mwenye kuni za kubeba kichwani anajua thamani ya kuni. Anachohitaji ni jiko analoweza kulilipia baada ya mnada.

Tatu: misitu na biashara ya kaboni

Tunaambiwa jiko banifu litaokoa misitu. Utafiti wa Nike Doggart na wenzake wa mwaka 2020 ulikuta kwamba chanzo kikuu cha ukataji misitu Tanzania ni upanuzi wa mashamba. Mkaa unachangia, na ni wa mjini zaidi kuliko wa kijijini. Mwanamke wa Chiungutwa anayeokota matawi makavu anabebeshwa lawama ya shoka lisilo lake.

Tukubali hata hivyo kwamba jiko linafanya kazi. Nini kinafuata? Waulizeni akina mama. Mbaazi na njugu mawe zinalimwa hapa, zina lishe kuliko vyakula vingi tunavyokula, na zinachukua muda mrefu mno kuiva. Kuni zikiwa chache, ugali na mboga za majani ndivyo vinavyopikwa, mbaazi zinasubiri. Kuni zikipatikana kwa wepesi, au jiko likizitumia vizuri, mbaazi zinarudi jikoni, maji ya kunywa yanachemshwa, mgonjwa anaogea maji ya moto. Ukipima rundo la kuni mwisho wa wiki unaweza kukuta limepungua kidogo tu. Ukipima afya ya watoto unaweza kukuta habari nyingine kabisa. Miradi hupima rundo.

Na mara nyingi hata rundo halipimwi, linakadiriwa mezani. Mwezi Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya walichapisha uchambuzi wa miradi ya majiko inayouza hati za kaboni katika nchi mbalimbali. Walikuta kwamba katika miradi waliyoichunguza, hati zilizotolewa zilikuwa karibu mara tisa ya upungufu halisi wa hewa chafu. Sehemu ya sababu ni kwamba miradi hudhani kila jiko lililogawiwa linatumika kila siku na mafiga yametupwa. India, katika jimbo la Odisha, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kaya kwa miaka kadhaa: moshi ulipungua mwaka wa kwanza, kisha majiko yakaharibika, hayakutunzwa, na kuni zikabaki zilezile.

Hapa kuna ukinzani ambao haujapata kujibiwa. Wapangaji wa soko la kaboni wanajua kabisa kwamba maskini hatumii nishati inayomtosha. Mwaka 2011 mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kusajili miradi ya namna hii ulikubali mwongozo unaoruhusu kuhesabu hitaji lililobanwa, yaani nishati ambayo kaya ingetumia kama ingekuwa na uwezo, na kuifanya ndiyo msingi wa kupimia upungufu. Kwa hiyo hitaji letu linatambuliwa pale linapozalisha hati za kuuza. Linaposimama mbele ya mpango wa serikali au wa mfadhili likidai umeme zaidi, maji zaidi, moto zaidi, linageuka kuwa uzembe wa matumizi unaopaswa kurekebishwa. Na kile kinachouzwa ni ruhusa ya kampuni ya ng'ambo kuendelea kuchoma mafuta yake kwa jina la kuni ambazo mama wa Masasi hakuzichoma.

Nne: maji ya Uwanda wa Makonde

Hapa ndipo hoja yao inapoanguka vibaya kuliko popote, na ndipo ninapotaka kukaa.

Udongo wa Uwanda wa Makonde ni wa mchanga. Mvua ikinyesha inazama chini, mito haipo juu. Wamakonde waliishi juu ya uwanda huu na kwa vizazi vingi wanawake wao waliteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji Makonde, likaanza kusukuma maji kutoka bondeni kwenda juu kwa mashine. Tangu miaka ya 1970 Ufini ilisaidia kwa muda mrefu miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Mpaka leo chanzo cha Mitema, bonde la Kitangari, ndicho kinachotegemewa na Newala na majirani zake. Kila ndoo inayonywewa Newala imepandishwa mlima kwa nishati.

Fizikia haina huruma. Kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 100 kunahitaji, kwa uchache usiokwepeka, uniti 0.27. Pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 50 zinakula maradufu, kama uniti 0.55. Mita zikiwa mia kadhaa, zidisheni wenyewe, kisha ongezeni maji yanayovuja njiani, ambayo umeme wake ulishalipwa.

Sasa badilisha pampu, ufanisi upande kutoka asilimia 50 hadi 70. Mshauri ataandika kwamba mamlaka ya maji itaokoa karibu asilimia 29 ya umeme wa kusukumia. Hilo lingetokea kama watu wangekuwa na maji ya kutosha. Hawana. Maji ni ya mgao, na katika miezi ya kiangazi ndoo inauzwa. Mamlaka yenye akili itaendesha pampu saa zilezile na umeme uleule, na kupata maji zaidi kwa asilimia 40. Umeme uliookolewa ni sifuri. Faida kwa uchumi ni kubwa kuliko akiba yoyote: saa za wanawake zinarudi, ujenzi wa matofali unawezekana, mifugo inakunywa, zahanati inafanya usafi, mama lishe anafungua biashara. Mtaalamu wa fedha anayesimamia mkopo wa pampu hiyo, akiwa ameahidiwa bili ndogo ya umeme, atasema mamlaka imeshindwa.

Hili lina matokeo ya vitendo. Mradi ukiidhinishwa kwa ahadi ya kupunguza bili, mkopo wake unapangiwa kurejeshwa kutokana na akiba hiyo. Akiba isipotokea, anayebanwa ni mamlaka ya maji, na mamlaka ikibanwa inapandisha bei ya maji au inapunguza saa za kusukuma. Ndivyo dhana mbovu inavyoweza kubadilisha pampu nzuri kuwa ndoo chache. Pampu hiyohiyo ingeidhinishwa kwa ahadi ya maji zaidi, mkopo ungerejeshwa kwa mauzo ya maji hayo, na kila upande ungekuwa na sababu ya kuendelea kusukuma.

Tano: mtambo usiojengwa

Hili nitalipita haraka. Nadharia ya megawati isiyotumika ilizaliwa katika nchi zenye mitambo mingi kuliko mahitaji mapya. Tanzania imemaliza kujenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 baada ya kupita katika mgao wa mwaka 2023. Na mkoa wetu una historia yake. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, vurugu zikatokea na watu wakafa. Bomba likajengwa, lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na lilikamilika mwaka 2015. Masasi bado inapikia kuni. Mkoa uliotoa gesi na kubaki na mafiga unaweza kudai jambo moja bila aibu: kwamba mazungumzo kuhusu nishati yake yaanze na kiasi anachopata mtu, ndipo yafike kwenye kiasi anachobana.

Wapo pia wanaoitumia hoja ya Jevons vibaya. Wanasema kwa kuwa matumizi hayapungui, ufanisi hauna maana, tusihangaike nao. Hao nao nawakataa. Ufanisi ni jambo kubwa kwa mtu maskini, kwa sababu kila uniti aliyoilipia inamfanyia kazi zaidi. Friji kuukuu la mtumba linalokula uniti 70 kwa mwezi ni wizi dhidi ya mnunuzi asiyeambiwa, na serikali ingepaswa kulizuia bandarini. Ninachopinga ni ufanisi kuwekwa badala ya nishati, na kupimwa kwa kipimo kisichotuhusu.

Sita: uniti ya 76

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Jiko la umeme la presha ni mojawapo ya vifaa vinavyotangazwa, na linastahili. Linaivisha nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu uniti, kiasi cha sh. 61 kwa bei ya D1. Hakuna mkaa wala kuni za kununua zitakazoshindana na hapo. Mbaazi zetu zingeiva kila siku.

Lakini tazameni mita. Kaya inayopika kwa jiko hilo itaongeza kama uniti 30 kwa mwezi. Friji dogo jipya, lenye ufanisi, litaongeza nyingine 25 au 30. Taa, televisheni, pasi na simu, labda 20. Jumla inagonga 75 au inazidi. Kaya imefanya kila ilichoambiwa: imeacha kuni, imenunua vifaa bora, imebadilisha taa. Matumizi yake ya umeme yamepanda mara tatu au nne, na huo ndio ushindi wa mkakati. Hapo ndipo utaratibu wa bei unapoiadhibu. Kwenye D1, uniti 75 za kwanza ni sh. 100, na kila inayozidi hapo ni sh. 350, ambayo kwa kodi na tozo ni kama sh. 427. Chungu cha maharage kilichogharimu sh. 61 tarehe 10 kinagharimu zaidi ya sh. 210 tarehe 29. Mama anajua kusoma LUKU. Wiki ya mwisho ya mwezi atarudi kwenye mafiga, na ataitwa mtu aliyekataa kubadilika.

Kikomo cha 75 kiliwekwa kwa kuamini kwamba maskini ni mtu wa taa na redio, na kwamba akizidi hapo amekuwa tajiri au mfujaji. Dhana hiyo ni ndugu wa ile ya kubana matumizi, na zote mbili zinagongana na mkakati ambao serikali yenyewe imetia saini. Kikomo kipandishwe kwa kaya zinazopikia umeme. Majiko ya presha yakopeshwe kupitia AMCOS, yakatwe kwenye malipo ya korosho baada ya mnada. Pampu za Mitema zipimwe kwa ndoo zinazofika juu. Na yeyote atakayekuja Chiungutwa na jiko mkononi aje na jibu la swali moja: uniti ya 76 atailipa nani?